Mwendo, Umbali na Muda: Maneno ya Safari ya Mbali Tangu Siku za Msafara Hadi Siku za Ndege

Ukimwuliza mtu wa Nairobi London iko mbali kadiri gani, waweza kupewa majibu matatu. Mmoja atasema kilomita 6,820 hivi. Wa pili atasema karibu saa tisa kwa ndege. Wa tatu, ambaye huenda ndiye aliyesafiri mara nyingi zaidi, atasema: “Unapanda usiku, unashuka alfajiri.” Majibu yote matatu ni sahihi, na katika mazungumzo hayamkosesheni mtu usingizi. Taabu huanza pale majibu hayo yanapoandikwa katika kanuni, katika ratiba, katika kitabu cha jiografia au katika tangazo la serikali, kwa maana hapo kila moja lahitaji jina lake.

Mwandishi wa makala haya alipata kuletewa rasimu ya tafsiri ya kanuni za usafiri wa anga, aipitie kabla haijachapwa. Istilahi moja tu ya Kiingereza, ile inayounganisha tendo la kuruka na wakati, ilikuwa imetafsiriwa kwa namna tatu katika kurasa chache: “mwendo wa ndege”, “masafa ya kuruka” na “muda wa kuwa angani”. Mtafsiri hakuwa mvivu. Alikuwa amechota katika hazina ya lugha maneno matatu yenye asili, kila moja likiwa na historia ndefu, wala hakuwa na mtu wa kumwambia wapi moja linaishia na jingine linaanzia. Yafaa basi tuitazame historia hiyo, maana ndiyo itakayotuonyesha mipaka.

Neno kongwe kuliko yote ni mwendo, lililotokana na kitenzi kwenda. Kabla ya maili kuingia katika lugha yetu, na muda mrefu kabla ya kilomita, nchi ilipimwa kwa mwendo: mwendo wa saa mbili, mwendo wa siku tatu, mwendo wa mwezi. Wako waliodhani ya kuwa huo ulikuwa upungufu wa vipimo. Haikuwa hivyo. Mpagazi mwenye mzigo begani hakuwa na haja ya kujua urefu wa ardhi ulivyo kwenye ramani. Alitaka kujua atalala wapi na maji yako wapi. Mwendo wa siku moja ulikuwa umekwisha kuhesabu ndani yake mlima, tope, uzito wa mzigo na visima. Katika lugha ya misafara palikuwa hata na neno tirikeza, ambalo wasafiri wageni wa karne ya 19 walilinukuu katika vitabu vyao: kuondoka baada ya adhuhuri, kulala njiani pasipo maji, kisha kudamka na kuyafikia maji asubuhi. Neno hilo halikuwa la urefu wala la wakati peke yake. Lilikuwa la mbinu ya kuvuka ukavu. Leo limesahaulika, na twasikitika kidogo.

Chukua njia ya Bagamoyo hadi Ujiji, ambayo ni yapata kilomita 1,200. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakaufikia Ujiji Februari 1858. Stanley aliondoka Bagamoyo Machi 1871 akamkuta Livingstone Ujiji baada ya zaidi ya miezi saba. Misafara ya wafanyabiashara iliyobahatika ilitumia miezi mitatu au zaidi. Umbali ni ule ule, mwendo ni mbalimbali. Tena habari za Stanley zina jambo moja linalotufaa sana katika maneno. Mwaka ule Mirambo alikuwa vitani na Waarabu wa Unyanyembe, na njia ya kawaida ya kwenda Ujiji ilikuwa imefungwa. Stanley alilazimika kuzunguka upande wa kusini. Ujiji haukusogea, njia ndiyo iliyorefuka. Kwa hiyo tangu wakati huo yapo mambo matatu ambayo msemaji makini alipaswa kuyatenga: umbali wa mahali hadi mahali, urefu wa njia inayopitwa, na muda unaotumika. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, lile la kwanza lilibaki lilivyokuwa, la pili likabadilika kidogo, na la tatu likaporomoka kutoka miezi hadi siku.

Baharini mambo yalikuwa wazi zaidi, kwa kuwa huko kulikuwa na pepo. Kati ya Maskati na Unguja pana yapata kilomita 3,900 kwa mstari ulionyooka. Jahazi lililoshuka na kaskazi katika miezi ya Desemba hadi Machi laweza kufika kwa majuma machache. Lakini hakuna nahodha aliyesema kwamba Maskati iko majuma kadhaa kutoka Unguja, kana kwamba hiyo ni sifa ya Maskati. Alijua ya kuwa kwenda si sawa na kurudi, na kwamba jahazi lililokosa kusi lilikaa bandarini likisubiri. Watu wa pwani waliufahamu ukweli huu karne nyingi kabla ya mtu yeyote kupasua mawingu: njia moja ina mida miwili, wa kwenda na wa kurudi, na mwenye kuamua ni upepo.

Kutoka baharini ndiko pia kulikoletwa sehemu kubwa ya msamiati wetu wa ndege. Rubani alikuwa mwongoza chombo cha majini kabla ya kuwa mwendesha ndege. Abiria ni mtu aliyeabiri, yaani aliyepanda chombo. Nauli ilikuwa malipo ya chombo, na shehena ilikuwa mzigo wa chombo. Kutua, kwa upande mwingine, kuna harufu ya msafara: mpagazi hutua mzigo, ndege wa porini hutua mtini, na eropleni nayo ikatua. (Neno eropleni bado limo katika kamusi, ila nani alisemaye leo?) Lugha haikungoja kamati ikae, ilinyoosha mkono ikachukua kilichokuwa karibu.

Wala mambo hayo hayakutokea mbali na maji. Kamati ya Lugha iliyopewa kazi ya kusanifisha Kiswahili katika nchi nne za Afrika Mashariki ilianza mwaka 1930. Mwaka uliofuata, tarehe 28 Februari 1931, kampuni ya Imperial Airways ilianzisha huduma ya kila wiki ya kupeleka barua kutoka London hadi Mwanza. Baada ya Khartoum zilitumika ndege za majini, zenye tumbo kama la mashua, zilizotua juu ya mto Naili na juu ya ziwa. Mvuvi wa Kisumu au wa Mwanza aliyeona chombo hicho kikishuka juu ya maji, kikatiwa nanga na abiria wakashushwa kwa mashua, hakuwa na sababu ya kumwita mwendeshaji wake kwa jina jingine ila la baharini.

London na Mwanza ni kiasi cha kilomita 6,750 kwa mstari ulionyooka. Sasa tuulize swali la mtafsiri: safari hiyo ilichukua muda gani? Januari 1932 njia ilipoendelezwa hadi Cape Town, ikipitia Kisumu, Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya na kuiacha Mwanza kando, ratiba ilitaja siku kumi na moja. Lakini siku hizo kumi na moja zilikuwa za nini? Ndege hazikuruka usiku, bali abiria walilala hotelini. Kutoka Paris hadi Brindisi, kusini mwa Italia, walipelekwa kwa gari moshi, na kati ya Alexandria na Cairo vivyo hivyo. Mtu aliyesema “Cape Town ni siku kumi na moja kwa ndege” alikuwa akihesabu vitanda, chakula cha jioni na magari moshi. Saa zenyewe za kuwa angani zilikuwa sehemu tu ya hizo siku. Ndiyo kusema kwamba tangu mwanzo kabisa wa usafiri wa anga kuja kwetu palikuwa na muda wa safari na muda wa kuruka, na ya kuwa hayo mawili hayakulingana hata kwa mbali.

Juni 1937 ndege kubwa zaidi za majini zilianza kwenda Durban, zikifuata pwani yetu kwa kutua Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Lindi ya miaka ile ilikuwa kituo katika njia ya Uingereza na Afrika Kusini, jambo ambalo mwanafunzi wa leo huona gumu kuliamini. Kisha vita, na baada ya vita zikaja injini za jeti.

Tarehe 2 Mei 1952 ndege aina ya Comet iliondoka London kwenda Johannesburg ikiwa na abiria waliolipa nauli, nayo ndiyo safari ya kwanza ya ratiba ya abiria kwa ndege ya jeti duniani. Ilitua Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Ratiba yake ilikuwa saa 23 na dakika 40. Hapa twapata mfano bora kuliko wote kwa ajili ya tofauti tunayoitafuta. Umbali wa London na Johannesburg, ukipimwa kwa uzi uliokazwa juu ya tufe la dunia, ni yapata kilomita 9,070. Njia iliyopitwa na Comet ilikuwa maili 6,724, nazo ni zaidi ya kilomita 10,800. Kilomita 1,750 na zaidi ni za kona. Mwalimu anayemwambia mwanafunzi agawanye umbali kwa muda ili apate kasi ya ndege ile atampatia jibu la uongo mara mbili: umbali si njia, na saa zile 23 zina ndani yake vituo vitano vya kujaza mafuta.

Jambo la Mirambo nalo lilijirudia, safari hii angani. Kuanzia mwaka 1963 nchi nyingi huru za Afrika zilikataza ndege za shirika la Afrika Kusini kupita katika anga zao, kwa sababu ya siasa ya ubaguzi wa rangi. Ndege zile zililazimika kuambaa pwani ya magharibi, juu ya bahari, zikilizunguka bega la Afrika ili kufika Ulaya. London na Johannesburg hazikuachana hata hatua moja. Urefu wa njia ndio uliokua, na muda ukakua nao. Mwandishi wa habari aliyeandika ya kwamba “umbali umeongezeka” alikosea, na kosa lake si dogo: aliifanya siasa ionekane kama jiografia.

Tuje sasa kwenye siku zetu. Tarehe 28 Oktoba 2018 Shirika la Ndege la Kenya lilianza safari za moja kwa moja kati ya Nairobi na New York. Umbali ni kilomita 11,840 hivi. Kwenda New York ratiba ilitaja saa 15, kurudi Nairobi saa 14. Wasomaji wengi walidhani pana makosa ya chapa. Hapakuwa na kosa. Juu angani, mahali zinapopita ndege kubwa, pana mikondo ya upepo wenye nguvu uvumao kutoka magharibi kwenda mashariki. Ndege inayokwenda Marekani huupiga uso upepo huo katika sehemu ya njia yake, na inayorudi husukumwa nao. Ni kaskazi na kusi kwa jina jingine, isipokuwa ndege haihitaji kungoja miezi mitano ili irudi. Nahodha wa jahazi la Maskati angeisoma ratiba ile bila kushangaa.

Kutokana na historia hii twaweza kupendekeza matumizi, si kwa kubuni maneno mapya bali kwa kuyarudisha yale tuliyo nayo kwenye viti vyao. Umbali liwe ni jina la nafasi iliyopo kati ya mahali na mahali, ikipimwa kwa mstari mfupi kupita yote juu ya uso wa dunia. Njia inayopitwa hasa tuiite urefu wa njia, bila aibu, ingawa ni maneno matatu. Neno masafa, lililotoka Kiarabu na lenye maana ya umbali huko lilikotoka, limekwisha kufunga safari yake lenyewe: twasema mbio za masafa marefu, ndege za masafa marefu, redio ya masafa mafupi. Limekuwa neno la kadiri kitu kinavyoweza kufika, au la aina ya urefu, na kwa wataalamu wa redio lina kazi maalumu. Tuliache huko. Kusema “masafa ya Nairobi na London” si kosa la sarufi, lakini ni kumpa mtu mwenye kazi tayari kazi ya mwenzake.

Na mwendo? Hapa nakiri upendeleo. Neno hili limebebeshwa mizigo mitatu: urefu, muda na kasi. Mwalimu wa fizikia ana mwendokasi wake, na wakazi wa Dar es Salaam tangu mwaka 2016 wana mabasi waliyoyapa jina hilo hilo. Katika maandishi ya kitaalamu ya usafiri wa anga sioni kwamba mwendo laweza kusimama peke yake mahali pa umbali wala mahali pa muda. Lakini katika fasihi na katika maelezo ya kawaida tusilifukuze. “Mwendo wa saa tisa kwa ndege” ni Kiswahili safi, maana limetaja chombo na limetaja saa; kosa ni kulitumia bila kutaja hivyo viwili.

Palipobaki pagumu ni muda. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, lililotokana na mkataba uliotiwa sahihi Chicago mwaka 1944, hutafsiri istilahi ile iliyotajwa mwanzoni kuwa ni wakati wote tangu ndege ianzapo kusogea kwa nia ya kuruka hadi isimamapo kabisa baada ya kutua. Kwa hiyo dakika ambazo ndege inajikokota ardhini, ikipanga foleni nyuma ya nyingine, zimo. “Muda wa kuwa angani” ni tafsiri iliyopotoka, na yaweza kuleta madhara, kwa sababu saa za kazi za marubani huhesabiwa kwa kipimo hicho. Rubani akihesabiwa dakika za angani peke yake, ataonekana hajachoka ilhali amechoka. Muda wa kuruka laweza kuchukua mahali hapo endapo tu kanuni yenyewe italieleza mwanzoni. Muda wa angani libaki kwa dakika za kati ya kuacha ardhi na kuigusa tena. Muda wa safari liwe la abiria, tangu kituo cha kwanza hadi cha mwisho pamoja na kusubiri kwake. Wenye mashirika hutaja pia muda wa tangu kuondolewa kwa kabari zinazozuia magurudumu hadi kuwekwa tena. Nimejaribu “muda wa kabari” mbele ya wenzangu wawili. Mmoja alikubali, wa pili alicheka.

Vipimo navyo vina mtego. Marubani na mabaharia hutumia maili ya bahari, ambayo ni mita 1,852. Maili ya barabarani ni mita 1,609. Mtafsiri akiona neno maili katika hati ya ndege, asikimbilie kuzidisha kwa 1.6 kabla ya kuuliza ni maili gani. Katika umbali wa London na Nairobi kosa hilo humeza karibu kilomita 900, yaani zaidi ya saa nzima ya kuruka.

Mwisho ni saa, ambayo imewakosesha watu ndege zao. Kiswahili huhesabu saa tangu mapambazuko na tangu machweo. Ratiba huhesabu tangu usiku wa manane. Tuseme wakati wa baridi ya Ulaya ndege yaondoka Nairobi ratiba ikisoma 23.50, nayo yafika London ratiba ikisoma 05.50. Msomaji akitoa, apata saa sita. Muda wenyewe ni saa tisa, kwa kuwa Nairobi iko mbele ya London kwa saa tatu katika miezi hiyo na kwa mbili wakati wa kiangazi chao. Kuandika “saa 23.50” katika matini ya Kiswahili ni kuandika namba, si saa, kuandika “saa 5.50 usiku” ni sahihi, mradi isemwe ni saa za wapi. Na huko London, saa 1.00 asubuhi ya mwezi wa Desemba ni giza totoro, kwa hiyo neno asubuhi lenyewe linamdanganya abiria wetu. Asiyapuuze mavazi mazito.

Siku nayo ina hila yake. Katika desturi yetu usiku hutangulia mchana wake: usiku wa Ijumaa, kwa wazee, ni ule unaoanza Alhamisi jua likitua. Tiketi yenye kusoma Ijumaa 00.20 ikitafsiriwa “Ijumaa usiku, saa 6.20”, abiria kijana atakwenda uwanjani Ijumaa baada ya chakula cha jioni, akiwa amechelewa kwa saa 24, na mzee wake atakuwa ameelewa sawasawa. Lugha ilikwisha kulitatua jambo hili zamani kwa maneno ambayo watangazaji wa redio huyatumia kila siku. Tiketi hiyo iandikwe: “usiku wa kuamkia Ijumaa, saa 6.20”. Na ile ya 23.50 ya Alhamisi iandikwe hivyo hivyo: “usiku wa kuamkia Ijumaa, saa 5.50”. Kwa hesabu ya ratiba hizo ni tarehe mbili. Kwa Kiswahili ni usiku mmoja, na tarehe iwekwe pembeni kwa ajili ya karani.